Usingoje barua: jinsi ya kumwandikisha mzazi mzee Medicare hapa Marekani

Maswali ni yaleyale. "Mama ametimiza miaka 65, kadi yake ya Medicare inakuja lini?" "Mimi nimelipa kodi miaka mingi, si inamtosha na baba?" "Bibi ana Medicaid tayari, hiyo nyingine ya nini?" Nimeyajibu kwenye simu, nje ya kanisa na kwenye harusi za watu, na kwa kuwa bado yanakuja, nimeyaweka hapa yote pamoja.

Nakuandikia wewe mtoto, mkwe au jirani unayemsindikiza mzee kwenye ofisi za serikali. Kabla ya yote shika hili: usingoje barua. Serikali humwandikisha mtu bila yeye kuomba ikiwa tu tayari anapokea malipo ya Social Security, yaani pensheni ya serikali kuu, angalau miezi 4 kabla ya kutimiza miaka 65. Wazee wetu wengi wameingia nchi hii wakiwa na umri mkubwa na hawana malipo hayo. Kwao hakuna barua itakayofika. Muda wa kujiandikisha utapita kimyakimya, na faini ya kuchelewa kwa kawaida hailipwi mara moja ikaisha; huongezwa kwenye ada yake kila mwezi, maisha yake yote.

Viwango vya dola nilivyotaja ni vya mwaka 2026. Hubadilika kila Januari.

Medicare ni nini, kwa kifupi

Ni bima ya afya ya serikali kuu kwa waliotimiza miaka 65, na kwa baadhi ya wenye ulemavu kabla ya umri huo. Sehemu A hulipia kulazwa hospitali. Sehemu B hulipia daktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi. Sehemu D ni ya dawa. Medicaid ni kitu kingine: huendeshwa na jimbo kwa ajili ya wenye kipato kidogo. Mzee anaweza kuwa na zote mbili, na akiwa nazo ndipo anapolindwa vizuri zaidi, kwa sababu Medicare peke yake huacha gharama nyingi mikononi mwake.

Nani anastahili

Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea, kwa hiyo soma polepole.

Kwanza hati. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imebana mlango. Sasa wanaokubaliwa ni raia, wenye kadi ya kijani, na makundi mawili matatu ambayo hayatuhusu sana sisi. Mkimbizi au aliyepewa hifadhi ambaye bado hana kadi ya kijani haingii tena. Aliyekuwa ndani kabla ya sheria hiyo ataondolewa ifikapo tarehe 4 Januari 2027 ikiwa hadhi yake haijabadilika. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba kadi ya kijani baada ya kukaa hapa mwaka mmoja. Kama mzee wako amepitisha mwaka huo na maombi hayajapelekwa, acha mengine yote, anza na hilo.

Pili, historia ya kazi. Mtu aliyefanya kazi na kukatwa kodi ya Social Security na Medicare hukusanya krediti, zisizozidi 4 kwa mwaka. Mwaka 2026 krediti moja hupatikana kwa kipato cha dola 1,890. Akifikisha 40, yaani kama miaka 10 ya kazi, Sehemu A anapata bila ada. Krediti zinaweza kuwa zake au za mumewe au mkewe, mradi wamekuwa kwenye ndoa angalau mwaka mmoja na huyo mwenzake ametimiza miaka 62. Mjane na mtaliki wana masharti yao. Usiwaambie hawana haki kabla ya kuuliza Social Security.

Krediti za mtoto hazihesabiwi kwa mzazi. Najua inauma, hasa kwa mtu aliyelipa kodi miaka na miaka akitumaini. Vilevile miaka ya kazi Nairobi, Dodoma au Bukavu haihesabiwi hapa, hata kama mzee alichangia mfuko wa hifadhi ya jamii kule. Na kazi ya kulipwa pesa mkononi bila kodi haiachi krediti yoyote.

Tatu, asiye na krediti 40. Huyu hajafungiwa nje, na ni wengi wanaokata tamaa hapa bila sababu. Akiwa na miaka 65 na ni raia anayeishi hapa, au ana kadi ya kijani na amekaa Marekani miaka 5 mfululizo, anaweza kujiandikisha kwa kulipa. Sehemu B ni dola 202.90 kwa mwezi, ada ileile wanayolipa karibu watu wote. Sehemu A ni dola 565 kwa mwezi, au 311 kwa mwenye krediti 30 hadi 39. Anaruhusiwa kuchukua B bila A. Tena, kwa mwenye kipato kidogo jimbo linaweza kumlipia. Soma hatua ya 6.

Vitu vya kukusanya kabla ya kuanza

- Kadi ya Social Security ya mzee, au angalau namba yake.
- Kadi ya kijani, au cheti cha uraia, au pasipoti ya Marekani.
- Cheti cha ndoa ikiwa mtatumia krediti za mwenza. Cha kifo au cha talaka ikiwa ndivyo ilivyo.
- Tarehe za safari zote za nje ya Marekani kwa miaka 5 iliyopita, ziandikwe kwenye karatasi.
- Barua za Medicaid na za bima yoyote aliyo nayo.
- Stakabadhi za kipato: hundi za mshahara, barua ya SSI (posho ya serikali kwa wazee na wenye ulemavu wenye kipato kidogo), taarifa ya benki.
- Orodha ya dawa zake zote na kiasi anachokunywa. Piga picha chupa zenyewe, ni rahisi kuliko kunakili.

Hatua kwa hatua

1. Hesabu dirisha lake, yaani muda wake wa kujiandikisha. Dirisha la kwanza ni miezi 7: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza miaka 65, mwezi wenyewe, na mitatu baadaye. Akijiandikisha katika ile mitatu ya mwanzo, bima huanza siku ya kwanza ya mwezi wa 65. Akingoja hadi mwezi wenyewe au baadaye, huanza mwezi unaofuata baada ya kujiandikisha.

Sasa angalia tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye hati. Wazee wengi waliopita kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale waliandikiwa tarehe 1 Januari kwa kuwa hapakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kwa hesabu ya Social Security, mtu hutimiza umri siku moja kabla ya tarehe yake. Kwa hiyo aliyeandikwa 1 Januari ametimiza miaka 65 tarehe 31 Desemba, na mwezi wake ni Desemba. Dirisha linafunguliwa Septemba na kufungwa mwisho wa Machi. Familia inayohesabu kuanzia Januari hudhani ina nafasi hadi Aprili, kumbe imeshapitwa.

Kwa mwenye kadi ya kijani anayetimiza miaka 5 akiwa tayari amepita 65, miezi 7 huhesabiwa kuzunguka mwezi anaotimiza miaka hiyo 5. Aliyekuja na miaka 68 hajachelewa. Muda wake ni akiwa na 73.

2. Tazama krediti. Mfungulie mzee akaunti kwenye ssa.gov akiwa ameketi kando yako, au uliza kwa simu namba 1-800-772-1213. Usikisie. Nimeona wazee waliofanya kazi kwenye viwanda vya nyama na kusafisha hoteli wakiamini hawana kitu, kumbe wako 34 au 37. Mwenye 34 akiwa bado ana nguvu na kazi, mwaka mmoja na nusu humtoa kwenye ada ya Sehemu A kabisa. Krediti hazikomi kukusanywa ukitimiza miaka 65.

3. Linganisha majina. Weka kadi ya Social Security na kadi ya kijani mezani, usome herufi kwa herufi. Jina la baba limekuwa la ukoo upande mmoja na halipo upande mwingine? Tarehe zinatofautiana? Rekebisheni kwanza, maana maombi yenye majina mawili hukwama na hakuna anayekupigia simu kukueleza sababu.

4. Kama bado anafanya kazi, uliza ukubwa wa kampuni. Mzee mwenye bima ya kazini kwake, au ya mwenza wake anayefanya kazi, kwenye kampuni ya wafanyakazi 20 au zaidi, anaweza kuiahirisha Sehemu B bila faini. Kazi ikiisha ana miezi 8 ya kujiandikisha. Kampuni ikiwa ndogo kuliko hiyo, Medicare ndiyo inayotakiwa kulipa kwanza, kwa hiyo asiahirishe. Bima ya COBRA, ile ya kampuni unayoendelea kuilipia mwenyewe baada ya kazi kuisha, haihesabiwi kuwa bima ya kazini kwa jambo hili, na Medicaid pia haihesabiwi.

5. Weka miadi, omba mkalimani. Ukurasa wa ssa.gov/medicare unawafaa wenye krediti 40. Kwa asiye nazo, piga ile namba ya 1-800-772-1213 uombe miadi ya simu au ya ofisini. Sema tangu mwanzo: lugha ni Kiswahili, tunataka mkalimani. Ni bure na ni haki yake.

Tafadhali usimtume mjukuu wa miaka 13 kutafsiri. Mtoto anaweza kujua Kiingereza cha shule vizuri sana na bado asijue "ada", "faini" na "kukataa Sehemu B" maana yake nini, na jibu moja la "ndiyo" mahali pasipo pake humgharimu bibi yake miaka. Wewe ukiwepo, keti pembeni usikilize. Mkalimani akitumia neno mzee asilolielewa, simamisha mazungumzo.

Siku ya miadi ataulizwa tarehe aliyoingia nchini, safari alizotoka, ndoa, na kazi. Mwisho taja kwa maneno yaliyo wazi anachotaka: A na B, au B peke yake. Ombeni karatasi inayoonyesha maombi yamepokelewa na tarehe yake. Ikifika siku ya ubishi, karatasi hiyo ndiyo shahidi wenu.

6. Ombeni jimbo lilipie, palepale. Usisubiri bili. Kila jimbo lina mpango wa kuwasaidia wenye Medicare na kipato kidogo, unaojulikana kama Medicare Savings Program, na maombi hupelekwa ofisi ya Medicaid. Kiwango cha juu zaidi cha msaada huo, QMB, hulipa ada ya B, ada ya A kwa anayedaiwa, na pia ile sehemu ya gharama ambayo mgonjwa angetoa mfukoni. Akipata QMB, msaada wa dawa uitwao Extra Help humjia bila maombi mengine.

Asiye na krediti 40 asikubali haraka kulipa dola 565 za Sehemu A. Kwanza mwambie afisa wa Social Security kwamba anaitaka A kwa sharti kwamba jimbo litailipia. Utaratibu upo, ila hutofautiana jimbo na jimbo. Kwa hili mtafute mshauri wa SHIP, mpango wa ushauri wa bure kuhusu Medicare. Huduma hii hugharimiwa na umma, haimuuzii mzee kitu, na ipo kila jimbo ingawa jina hubadilika: Iowa wanaita SHIIP, California HICAP, Florida SHINE. Ukichukua namba moja tu kutoka ukurasa huu, chukua ya mshauri huyo kwenye shiphelp.org.

7. Chagueni njia ya kutumia bima. Njia ni mbili. Ya kwanza ni Medicare ya kawaida pamoja na mpango wa dawa wa Sehemu D. Mzee huenda kwa daktari yeyote anayeipokea Medicare nchini. Ya pili ni Medicare Advantage, inayouzwa na kampuni binafsi: mara nyingi kuna meno na miwani, lakini lazima uwe na A na B zote, na kwa kawaida unabaki ndani ya orodha yao ya madaktari, na huduma nyingi husubiri kibali.

Maoni yangu: kwa mzee mwenye Medicare na Medicaid kamili, ile ya kawaida ndiyo salama kuanzia. Gharama tayari zimefunikwa, na hakuna wa kumwambia daktari wake wa miaka yote hayumo kwenye orodha. Kama mnapendelea Advantage, piga simu kliniki yake na duka lake la dawa kabla ya kusaini. Usiridhike na neno la wakala.

Dawa nazo zisiachwe hata kama leo hanywi hata kidonge. Kukaa bila bima ya dawa huongeza faini ya asilimia 1 kwa kila mwezi, ingawa mwenye Extra Help hailipi. Mwaka 2026, mtu mwenye Sehemu D akishatoa dola 2,100 mfukoni kwa dawa zinazolipiwa, hatoi tena hadi mwaka uishe.

8. Subirini kadi na bili. Kadi ya Medicare ni ya karatasi, nyekundu, nyeupe na bluu. Mzee asiye na malipo ya Social Security hakatwi ada popote, kwa hiyo bili huletwa nyumbani, na ya Sehemu B peke yake huja ya miezi mitatu kwa mpigo: dola 608.70. Bahasha hiyo hutisha. Nyingine huwekwa chini ya godoro, na ada isipolipwa bima hukatwa. Mweleze mapema kuwa inakuja, na kama jimbo halitalipia, jaza fomu ya makato ya benki ya kila mwezi.

Makosa ninayoyaona sana

Kupokea watu wa mlangoni. Wakala haruhusiwi kugonga mlango bila kualikwa, na Medicare haipigi simu kuomba namba ya kadi. Anayesema analeta "kadi mpya ya plastiki" ni tapeli, hata akikusalimia kwa Kiswahili safi na kumuamkia mzee shikamoo.

Safari ndefu nyumbani. Mzee anayeihesabu ile miaka 5 akienda kukaa Mombasa au Goma zaidi ya miezi 6 anaweza kuulizwa kama kweli amekaa hapa mfululizo. Na akishapata bima, ajue kwamba matibabu ya nje ya Marekani hailipi isipokuwa kwa nafasi chache sana. Mnunulieni bima ya safari.

Kukataa Sehemu B kwa kuwa "yuko mzima". Aliyechelewa mwaka mzima mmoja huongezewa asilimia 10 ya ada. Miaka mitatu, asilimia 30, karibu dola 61 juu ya zile 202.90 kila mwezi.

Kuhama nyumba bila kuwaambia Social Security na Medicaid. Barua ya kuhuisha Medicaid ikipotea, msaada wote wa hatua ya 6 unaweza kuanguka nayo.

Mambo yakikwama

*Dirisha limeshapita.* Lipo lingine kila mwaka, 1 Januari hadi 31 Machi, na bima huanza mwezi unaofuata baada ya kujiandikisha. Lakini kwanza ombeni msaada wa jimbo. Jimbo likikubali kumlipia Sehemu B, hangoji Januari, na faini ya B hufutwa. Wengi hawaambiwi hili na makarani.

*Wanasema hajatimiza miaka 5.* Tazama tarehe ya kuanza ukazi iliyochapwa mbele ya kadi ya kijani. Kwa mkimbizi, tarehe hiyo hurudishwa nyuma hadi siku aliyotua Marekani, hata kama kadi yenyewe ilitoka miaka miwili baadaye. Kama karani amehesabu kuanzia siku kadi ilipotolewa, mwonyeshe kwa adabu. Asipokubali, muombe msimamizi.

*Maombi yamekataliwa kwa barua.* Mna siku 60 za kukata rufaa. Barua hueleza sababu. Ipeleke kwa mshauri wa SHIP au kituo cha msaada wa sheria cha bure, ikiwa na ile karatasi ya tarehe ya maombi.

*Kliniki inamdai mwenye QMB.* Hawaruhusiwi kumdai huduma zinazolipiwa na Medicare. Onyesheni kadi zote mbili, ya Medicare na ya Medicaid. Wakiendelea, piga namba ya Medicare, 1-800-633-4227. Simu hupokelewa usiku na mchana na mkalimani yupo.

*Ameingizwa kwenye Advantage bila kuelewa.* Aliye na Medicaid au Extra Help anaweza kurudi Medicare ya kawaida na mpango wa dawa katika mwezi wowote. Asiye nazo ana kati ya 1 Januari na 31 Machi. Kama alidanganywa, ipigieni namba hiyohiyo ya 1-800-633-4227 na mseme hivyo waziwazi, mkitaja siku wakala alipokuja, alichosema na alichomsainisha. Kwa sababu ya udanganyifu anaweza kuruhusiwa kutoka kabla ya muda.

*Mzee hajatimiza miaka 65 lakini ni mgonjwa sana.* Anayepokea malipo ya ulemavu ya Social Security, yanayotokana na kazi, huingia Medicare baada ya miezi 24 ya malipo hayo. SSI peke yake haimpi Medicare. Mwenye figo zilizoshindwa anayesafishwa damu ana mlango wake pia, mradi yeye, mwenza wake au mzazi wake amefanya kazi ya kutosha. Mfanyakazi wa jamii wa kituo cha kusafishia damu hujua fomu hiyo, muulizeni huko huko.